Mstari wa Kumi na Saba

— Elfu tisini! — Cheche alikigonga kikombe juu ya benchi mpaka kahawa ikamrukia mkononi. — Elfu tisini, mzee wangu. Kodi ya miezi mitatu, imelipwa taslimu, hairudi. Na imelipwa kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari lako.

— Usinipigie benchi, — alisema Karani. — Benchi halijakukosea.

— Nani kanikosea basi?

— Daftari limeandikwa kwa utaratibu.

— Daftari limesema uongo!

Shangazi, aliyekuwa akimmiminia Pancha kahawa, alilisimamisha birika hewani. Tangu aanze kuuza kahawa kwenye kona ile hakuwahi kumsikia mtu akilitukana daftari. Watu walitukanana wao kwa wao kila asubuhi, na hilo halikuwa na neno. Lakini daftari lilikuwa daftari.

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Upande mmoja jiko la Shangazi, upande wa pili kompresa ya Pancha, mziba matairi. Vijiwe vingine huzungumza mpira na siasa. Hiki kilizungumza minara ya simu. Kilianza siku ile vijana wenye mikanda viunoni walipopanda mnara wa kwanza wakashusha antena ndefu kama meza za kupigia pasi, wakapandisha nyingine fupi, nene, kama masanduku ya viatu. Dokta, fundi simu, ndiye aliyezitambua: hizo ni za 5G. Tangu hapo benchi zima likashikwa na hamu ya minara. Karani, aliyestaafu posta baada ya miaka thelathini ya kugonga mihuri, alinunua daftari la kurasa mia mbili, akalipigia mistari kwa rula: mnara ulipo, siku nondo zilipopanda, siku ya antena, siku ya kuwaka, kasi ya mtandao kwa megabiti, mashahidi. Sheria ilikuwa moja: mnara hauandikwi kuwa umewaka mpaka watu wawili wasimame chini yake na kupima kasi mara tatu. Mtu akija kuuliza mtandao wa mtaa fulani ukoje, hakujibiwa kwa mdomo. Alifunguliwa daftari.

Na Cheche, mchomeleaji, mtu aliyejifunza kusoma ukubwani kwa kuunganisha herufi za makopo ya rangi, aliliheshimu daftari lile kuliko wote. Hicho ndicho kilichomuuma.

— Mstari wa kumi na saba, — alisema, akilifunua mwenyewe kwa kidole cheusi. — Nisomee, mzee.

— Unajua kusoma.

— Nataka nikusikie wewe.

Karani alivaa miwani yake taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu na huku ndiye hakimu.

— Nyuma ya tangi la maji. Umewaka tarehe kumi na mbili. Kasi, mia tatu na kumi. Mashahidi, Dokta na Pancha.

— Mia tatu na kumi! Mmesikia? Siku ileile nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia, Mwalimu, njoo nyumbani, mnara umewaka, nimeona kwa maandishi. Akaaga huko alikokuwa. Nikamtafutia chumba nyuma ya steshenari, hatua hamsini kutoka kwenye mnara. Akalipa. Akafika jana jioni na mabegi manne, mama kwa furaha ametandika kitanda mara tatu. Leo asubuhi kafungua kompyuta yake, kapima kasi. Nne.

— Nne ngapi? — aliuliza Pancha.

— Nne! Nne peke yake! Haina mia wala kumi nyuma yake.

— Na kipindi chake?

— Saa tatu kamili. Sasa hivi ni saa mbili na dakika tano.

Wote pale waliijua habari ya kipindi, maana Cheche alikuwa ameisimulia mwezi mzima, wengine mara mbili. Mdogo wake alifundisha hesabu watoto wa nchi za mbali kupitia skrini. Kipindi cha leo kilikuwa cha kwanza na darasa jipya, na wenye kazi walikuwa wameandika waziwazi: picha ikikatika mara mbili, darasa anapewa mwalimu mwingine. Akikosa darasa, anafunga mabegi, anarudi alikotoka. Na mama anakunja shuka.

Dokta alikohoa kidogo. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kutolea maelezo.

— Mimi nawaambia mnara unawaka. Ila unachagua.

— Unachagua nini?

— Simu. Hii mitambo mipya ina akili, kaka. Ikikuona na simu ya bei poa inakupa makombo.

— Simu ya Mwalimu haijamaliza hata miezi miwili.

— Basi imemwona mgeni. Asubiri imzoee.

— Wewe tengeneza simu za watu, mambo ya kasi tuachie sisi, — alisema Pancha, akijifuta mikono kwenye suruali. — Tarehe kumi na mbili, mia tatu na kumi. Leo, nne. Huko si kuchagua, huko ni kuvuja. Tairi za namna hiyo nimezilea maisha yangu yote. Unaijaza jioni ngumu kama jiwe, asubuhi unaikuta imelala. Hiyo ni pancha ya polepole.

— Mtandao una upepo?

— Kwani unapita wapi, chini ya ardhi? Si hewani?

Pancha aliona ameshinda, akaongeza mwendo.

— Ulazwe kwenye maji, mapovu yakitokea tunaweka kiraka.

— Mnara wa mita arobaini! Beseni utalitoa wapi?

— Tangi si lile pale?

— Ehee! — Dokta aliruka kutoka kwenye benchi. — Tangi! Umelitaja mwenyewe. Mawimbi ya 5G na maji hayaivi chungu kimoja. Yakikuta maji yanazama. Jamani, mtandao wote wa mtaa huu umo ndani ya tangi lile. Ndiyo maana siku hizi maji yanatoka kwa kasi.

— Kwangu hayatoki kabisa, — alisema Pancha.

— Wewe hujalipa bili.

— Mnakwenda mbali bure, — alisema Karani, na sauti yake ya dirishani ilimrudia, ile iliyowanyamazisha watu kwenye foleni miaka thelathini. — Jambo hili ni la kiofisi. Mnara uko kwenye kipindi cha majaribio. Posta tulikuwa hivyohivyo. Mwajiriwa mpya wiki ya kwanza anagonga mihuri mia tatu kwa saa. Bosi akishamwona, anakaa, anasubiri barua ya kuthibitishwa kazini. Mnara umeonyesha uwezo wake. Sasa unasubiri barua.

— Mnara unasubiri barua, — alirudia Cheche, neno kwa neno.

— Na barua siku hizi zinachelewa.

— Labda wameituma kwa posta, — alisema Shangazi, macho yakiwa kwenye mkaa wake.

Benchi lilicheka, isipokuwa watu wawili.

Dokta hakuwa amemaliza. Aliinama, akashusha sauti, akatazama kushoto na kulia kana kwamba jiko lilikuwa na masikio.

— Au ni wale wa kijiwe cha sokoni. Daftari lao lina minara mitatu tu, wanatuonea kijicho. Nimesikia waliwanunulia wale vijana wa mikanda soda. Soda za nini? Antena imegeuzwa shingo, kidogo tu. Mtandao wetu wote unamwagikia kwao.

— Haki ya nani! — Pancha alikwisha kushika spana. — Twende sasa hivi!

— Kaa chini! — Cheche alipaza sauti, na Pancha akakaa na spana yake. — Mnara hauna mita ya umeme.

— Umeanza tena, — alisema Karani.

— Ndiyo, nimeanza tena. Geti la uzio wa mnara ule nimelichomelea mimi. Kisanduku cha umeme kiko nje ya uzio, hakina hata kufuli. Nilikifungua kuangalia nitachukua wapi umeme wa mashine yangu. Mahali pa mita pana skrubu mbili na nyumba ya nyigu. Umeme nikauvuta kwa jirani. Jenereta hakuna, betri hakuna. Nikaja hapa jioni ileile, nikakaa palepale ulipokaa, nikakwambia, mzee, andika: mnara hauna mita. Ukanijibu nini?

Karani aliangalia kalamu yake.

— Nilikuuliza kama umepima.

— Nikasema sikupima, nimeona. Ukasema daftari haliandiki kuona. Na tena niko peke yangu, shahidi mmoja hatoshi. Sawa. Sheria ni sheria, nikanyamaza. Siku tatu baadaye nakuta umeandika umewaka, mashahidi wawili, mia tatu na kumi. Nikasema labda wameweka mita nilipogeuza mgongo. Nikaliamini daftari nikayaacha macho yangu. Mimi! Ninayeangalia moto wa kuchomelea kutwa nzima, nikasema macho ndiyo mabovu!

Hasira yake ilikuwa imefika mahali ambapo haikujua imwangukie nani, maana mtu wa mwisho katika foleni alikuwa yeye mwenyewe.

Wakati huo ndipo mdogo wake alipotokea kwenye kona, kompyuta kifuani kama mtoto aliyelala, viatu vimefungwa nusu.

— Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kaa unywe.

— Sina muda, Shangazi. Kaka, nimezunguka chumba kizima. Dirishani nne, mlangoni tatu, juu ya kitanda tano nikiinua mkono. Siwezi kufundisha hesabu za sehemu huku mkono uko juu.

Cheche alilisogeza daftari mbele ya mdogo wake, kama mtu anayetoa kitambulisho. Mwalimu alisoma ule mstari mara moja, kidole kikitembea chini ya maneno kama wanavyofanya wenye kusahihisha.

— Mia tatu na kumi. Mara zote tatu?

— Mia tatu na kumi, mia tatu na nane, mia tatu na kumi na mbili, — alisema Dokta kwa fahari. — Tukachukua ya katikati.

— Vizuri. Mlisimama wapi?

— Chini ya mnara, — alisema Dokta.

— Karibu na chini, — alisema Pancha.

— Karibu vipi?

— Mvua ilikuwa inanyesha, dada yangu. Kubwa. Tukasogea kidogo kwenye baraza ya steshenari. Lakini mnara tulikuwa tunauona.

Mwalimu aliinua macho. Hakupaza sauti wala hakukunja uso. Aliuliza kama anavyomuuliza mtoto aliyepata jibu kubwa kuliko swali.

— Na mlipokuwa mnapima, waifai ya simu mlikuwa mmeizima?

Pancha alimtazama Dokta. Karani alimtazama Dokta. Dokta alitazama simu yake, na simu haikumsaidia. Kompresa ilimaliza kujaza, ikajizima yenyewe.

Cheche alikumbuka kabla ya wengine.

— Dokta. Mwaka jana ile ruta ya waifai ya steshenari nani aliitengeneza?

— Mimi.

— Nywila yake iko wapi?

Dokta alivuka barabara, akasimama kwenye baraza ya steshenari, akainua simu, akaitazama, akaishusha. Aliporudi alikuwa mfupi kuliko alivyoondoka.

— Inajiunga yenyewe, — alisema. — Hata sijaigusa.

— Kwa hiyo mmepima waifai ya steshenari, — alisema Karani pole pole. — Mmeniandikisha waifai ya steshenari. Katika daftari la minara!

— Mara tatu, — alisema Shangazi.

Maneno ya Cheche yalikuwa tayari, yamejipanga, mengine hayafai mbele ya Shangazi. Lakini Mwalimu alimshika mkono, na Cheche akashangaa kuona mdogo wake anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ashuke na mabegi yake.

— Kaka, subiri. Mia tatu na kumi ni ya kweli. Wamekosea jina la mnara tu; hiyo nne yangu inatoka mnara wa mbali. Kasi ipo, na iko upande wa pili wa ukuta wangu.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano.

Mwenye steshenari alikuwa mama wa maneno machache, na kwa miezi mitatu alikuwa na neno moja tu kwa Dokta: printa. Printa aliyoitengeneza, akaifanya itafune karatasi. Aliwasikiliza watu watano wakisema kwa pamoja, akainua mkono.

— Akae pale karibu na mashine ya fotokopi. Kesho mtoboe ukuta, waya upite hadi chumbani kwake. Nitakachomtoza kwa mwezi tutaelewana yeye na mimi, si nyinyi. Na huyu, — akimnyooshea Dokta kidole, — printa yangu, leo, bure.

— Bure kabisa, mama, — alisema Dokta, na alionekana kushukuru kuadhibiwa.

— Tobo ni langu, — alisema Cheche. — Nina drili na biti ndefu.

Saa tatu kasoro dakika tano mtaa ule uliona jambo ambalo haukuwahi kuliona. Pancha alizima kompresa akaondoa plagi kabisa. Mteja mwenye baiskeli alipoanza kulalamika, aliambiwa asukume. Cheche aliacha geti la mtu limelala bila bawaba, akasimama mlangoni mwa steshenari, mikono kifuani, uso wa mlinzi wa benki. Akaja bwana mmoja mwenye cheti cha kutoa nakala.

— Mashine imeharibika, — alisema Cheche.

— Naiona taa inawaka.

— Taa si kitu, bwana. Sisi hapa tumeandikiwa mnara mzima umewaka. Rudi saa nne kasorobo.

Kutoka ndani ilimfikia sauti ya mdogo wake, nyororo, haina haraka, ikiuliza robo tatu ya nane ni ngapi. Kisha sauti nyembamba ya mtoto, kutoka huko kusikojulikana, ikajibu. Cheche hakuelewa lugha, ila alielewa kwamba sauti haikukatika. Alihesabu pumzi zake. Mtoto akacheka. Kicheko nacho kikafika kizima.

Dakika arobaini zile, Karani aliketi peke yake na daftari limefungwa gotini. Pancha, asiyejua kukaa bila upepo, alikuwa ametoweka. Dokta alikuwa kwenye kona ya steshenari amechomoa tumbo la printa, anafanya kazi kwa ncha za vidole kama mpasuaji.

Mlango ulipofunguliwa Mwalimu alitoka na kompyuta yake, akaegemea fremu ya mlango, akavuta pumzi moja ndefu.

— Haijakatika hata mara moja. Wamesema Jumatano tena.

Cheche alitaka kusema kitu cha maana. Kilichotoka ni:

— Ulikula?

— Sijala, kaka.

— Kampigie mama. Mwambie shuka zibaki. Halafu ule.

Cheche alivuka barabara, akakaa kwenye benchi kwa kishindo. Hata Shangazi alicheka peke yake, na Shangazi hakuwa na kawaida hiyo. Karani alisafisha koo.

— Basi yamekwisha. Shangazi, mmiminie Cheche. Wiki nzima kahawa yake iko juu yangu.

Shangazi aliinamisha birika. Lilitoa tone moja, kisha mvuke.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Mmeinywa yote kwa roho juu.

— Kesho, basi. Tuanze ukurasa mpya.

Karani alishika pembe ya ukurasa ageuze. Kiganja cha Cheche, chenye makovu ya cheche za miaka kumi na tisa, kilitua juu ya daftari.

— Sitaki kahawa, mzee.

— Unataka nini? Mdogo wako kafundisha. Chumba hakijapotea. Pesa yake haijapotea.

— Najua, na nashukuru. Hayo ni yake. Mimi nina langu.

Karani alimwelewa. Ilionekana kwenye miwani. Lakini miaka thelathini ya dirishani haifi kwa asubuhi moja.

— Cheche, mwanangu, sheria unaijua. Shahidi mmoja hatoshi.

Hapo ndipo Pancha alipotokea kwenye kona, anakuja kutoka upande wa tangi, mbio nusu, mkono mmoja umefunika uso. Alipouondoa, mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kama tairi la baiskeli lililojazwa kupita kiasi, na jicho la kushoto lilikuwa limefunga duka.

— Nimefungua kile kifanduku, — alisema, maneno yakimkwama mdomoni. — Hakina mita. Fkrubu mbili. Na wale nyigu... wapo.

Shangazi alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa kwenye maji baridi. Karani alimtazama Pancha kwa muda mrefu, kama alivyozoea kutazama stempu anayoishuku. Kisha akafungua kifuniko cha kalamu.

Cheche alivuta daftari, akalilaza wazi gotini mwa mzee, akaweka kidole kwenye mstari.

— Futa. Uandike: nyuma ya tangi la maji, haujawaka, hauna mita. Aliyeona wa kwanza, Cheche. Jina langu kwanza, mzee, la huyu mwenye mdomo baadaye. Siondoki hapa mpaka wino ukauke.